Waya mmoja, vyumba sita, lawama kibao!

Wiki hii naomba nisimame mbele yako kama mshitakiwa kizimbani, maana katika kisa ninachokuletea mwenye makosa ni mimi mwenyewe. Ningeweza kuuchuna nikakuletea habari za harusi na mitindo ya nywele, lakini roho imekuwa ikinisuta, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Kwa hiyo kaa mkao wa kula, na kama nawe unaishi nyumba ya kupanga, kaa mkao wa kula mara mbili.

Maskani yangu ni Sinza. Nyumba ina vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido moja, choo na bafu viko uani. Kama umeshaishi nyumba ya namna hii hapa Dar es Salaam, huhitaji kuelezwa. Mita ya umeme ni moja, na kila LUKU ikikata kinazuka kikao: nani ana pasi, nani ana friji, nani amelala na feni mpaka alfajiri. Mama Mkubwa wa chumba cha mbele, mkongwe wa nyumba yetu, husema nchi hii ina mabunge mawili, moja liko Dodoma na jingine liko koridoni kwetu.

Sasa siku moja nikaketi nikapiga hesabu, nikachoka. Kila chumba kinanunua bando lake. Mwalimu wa chumba cha pili anatunga mitihani, kila jioni mbio steshenari kuchapa karatasi mbili tatu. Dada wa saluni, chumba cha tatu, anapokea oda za wateja kwa WhatsApp. Chumba cha nne kuna dogo mmoja mgonjwa wa mpira, Jumamosi humwoni uani. Cha tano niko mimi na mdogo wangu wa kike aliyemaliza kidato cha sita. Cha sita ni fundi cherehani anayetafuta mitindo ya magauni kwenye simu mpaka macho yanamtoka machozi. Vyumba sita, mabando sita, na mwisho wa wiki wote hatuna kitu!

Nikaitisha bunge. Nikatoa hoja: tuvute laini moja ya intaneti, tuweke ruta moja, tununue printa moja ile ya kuchapa, kunakili na kuskani, kila chumba kichange shilingi 10,000 kwa mwezi. Hoja ikapita bila mpinzani. Wakanipachika jina la Waziri wa Mawasiliano, nami kichwa kikavimba ile mbaya.

Nisikufiche, kazi ya ufundi haikuwa ngumu kama watu wanavyodhani. Nikueleze kidogo ili siku ukiitiwa fundi usitiwe mjini.

Laini ikifika nyumbani, kwa kawaida kampuni inakupa anwani moja tu. Sasa vifaa kumi vitatumiaje anwani moja? Hapo ndipo ruta inapofanya kazi. Unakumbuka zamani shule nzima au ofisi nzima ilikuwa na sanduku moja la posta? Barua zote zinaandikwa S.L.P. ile ile, zikifika karani ndiye anajua hii ya mwalimu mkuu, ile ya mpishi. Ruta ndiye karani huyo. Nje nyumba nzima inaonekana ni anwani moja, ndani kila simu, kila laptopu na kila luninga inapewa namba yake ya siri, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168. Namba hizo zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tu, ndiyo maana ya kwako inaweza kufanana kabisa na ya jirani na msigombane. Shika hapo kwenye namba, maana ndiko nilikokuja kuumbukia.

Kuhusu printa, ngoja nikupe moja ya kuringia kijiweni. Watu wanadhani printa ni mgeni aliyedandia mtandao baadaye. Wapi! Mwaka 1973 huko California, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs walikuwa na kazi ya kuziunganisha kompyuta za pale ofisini ziweze kutumia printa mpya ya leza. Printa ya namna hiyo ilikuwa ghali, huwezi kumpa kila mtu ya kwake. Wakabuni njia wakaiita Ethernet, na waya unaochomeka leo nyuma ya ruta yako ni kitukuu wa kazi ile. Kwa hiyo nyumba ya vyumba sita kuchangia printa moja si ushamba wala si umaskini, ndiyo asili yenyewe ya mchezo.

Basi tukaanza, na makosa nayo yakaanza. Kosa la kwanza, printa tuliichomeka kwa waya wa USB kwenye laptopu ya Mwalimu, eti kwa kuwa yeye ndiye mchapaji mkubwa. Mwalimu akienda kazini na laptopu yake, printa inabaki pambo. Akilala mapema, hakuna kuchapa. Dada wa saluni akawa anagonga mlango wa Mwalimu saa nne usiku kuomba kuchapa bei za misuko, na Mwalimu ana mke. Unaona tulikuwa tunaelekea wapi! Tukaihamisha printa tukaiunganisha moja kwa moja na ruta, ikawa mtu yeyote anachapa kutoka chumbani kwake bila kubisha hodi kwa mtu. Printa nyingi za siku hizi zinakubali hivyo, kwa waya au kwa waifai. Kabla hujanunua, uliza hilo kwanza ndipo uulize bei.

Kosa la pili, ruta tuliiweka chumbani kwa Mama Mkubwa kwa heshima ya umri. Ikaenda juu ya kabati, nyuma ya sanduku la bati. Chumba cha mbele wanakula raha, chumba cha sita fundi cherehani anatembea na simu juu kama anaomba mvua. Mawimbi ya waifai hayapendi bati, hayapendi zege lenye nondo. Yaliyozoeleka ni ya aina mbili: yale ya gigahezi 2.4 yanafika mbali zaidi ila taratibu, na yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta mmoja tu yanahema. Kibaya zaidi, Mama Mkubwa akasafiri kwenda Tanga msibani, akazima soketi zote kwa kuogopa moto, akafunga mlango akaondoka na ufunguo. Siku tatu nyumba nzima kimya! Hatukuweza hata kulalamika, ungemlaumu vipi mtu aliye msibani? Aliporudi nikampigia shikamoo tatu, nikaomba kwa adabu ruta ihamie katikati ya korido, juu ukutani, kila mtu aione. Akakubali. Kwa fundi tukamvutia waya, maana waya wa mtandao unaweza kwenda mpaka mita 100 bila shida, na korido yetu hata robo ya hapo haifiki.

Miezi ikapita, mambo bomba. Manung'uniko yalikuwa madogo madogo tu, hasa Jumamosi. Laini yetu ni ya megabiti 20 kwa sekunde. Usichanganye megabiti na megabaiti, kaka. Biti nane ndiyo baiti moja, kwa hiyo 20 ile ni megabaiti mbili na nusu tu. Mtu mmoja akitazama mpira kwa picha safi anakula kama megabiti 5. Wakitazama wanne, laini imejaa, na wa tano anabaki kuangalia duara linazunguka. Duara likizunguka, macho yote yanaelekea chumba cha nne, kwa yule dogo. Yeye anacheka tu, anasema, "Braza, mechi inaisha sasa hivi." Mimi nacheka kwa mdomo, moyoni naandika.

Ndipo ikaja siku yenyewe.

Mdogo wangu alikuwa anaomba mkopo wa chuo. Fomu inajazwa mtandaoni, halafu unaichapa, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa inagonga muhuri, ndipo unaskani na kuirudisha kwenye mfumo. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya mwisho wa kupokea. Mipango yetu ilikuwa tuchape jioni, mjomba wetu asaini usiku ule ule kwa kuwa alfajiri anasafiri, asubuhi twende kwa mwenyekiti. Sisi hatuna baba, msomaji. Bila mkopo ule chuo kingebaki ndoto, na hilo binti alikuwa analijua kuliko mimi.

Saa kumi na mbili umeme ukakatika. Ukarudi saa mbili na nusu. Intaneti ikawaka, tukashangilia, fomu ikajazwa mpaka mwisho. Nikabonyeza kuchapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Laptopu ikaniambia printa haipatikani. Nikatoka koridoni, printa hiyo hapo, taa inawaka kijani, inanitazama. Nikaizima nikaiwasha. Wapi! Mjomba kakaa kitandani anatazama saa, mdogo wangu hasemi kitu, anang'ata kucha. Jasho jembamba likanitoka. Ukisema tukimbilie steshenari, wakati ule walikuwa wameshafunga.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, mahali panapoonyesha orodha ya vifaa. Printa yetu siku zote ilikuwa na namba inayoishia na 5, nami kompyuta nilikuwa nimeielekeza kwa namba hiyo hiyo. Nikatazama namba 5. Nani kaikalia? Luninga mpya ya chumba cha nne!

Weee! Sikufikiri mara mbili. Nikaenda nikagonga mlango wa dogo kama polisi. "Toka nje! Umeingia kwenye ruta, umechukua namba ya printa ili luninga yako ipate kasi!" Korido ikajaa. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikatoa yote niliyokuwa nimeyaandika moyoni: kwamba anatumalizia intaneti kwa mpira, kwamba mwezi uliopita alichelewa mchango, kwamba hana huruma na mtoto wa watu anayetafuta elimu. Dada wa saluni naye akadakia, eti hata yeye alishamshuku siku nyingi. Fundi cherehani akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ndani ya dakika mbili kijana wa watu alikuwa mwizi bila kesi.

Dogo alisimama mlangoni, taulo begani, akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Braza, hiyo namba mimi sijaichukua. Nimepewa."

Akapita katikati yetu mpaka kwenye printa. Akabonyeza kitufe akakishikilia, printa ikakohoa, ikatoa karatasi moja yenye habari zake zenyewe. Kwenye karatasi ile namba yake ilikuwa inaishia na 9. Akanionyesha kwa kidole. "Weka hii kwenye laptopu." Nikaweka. Fomu ikatoka, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, korido nzima kimya kama kanisani.

Nilikuja kuelewa baadaye, na sasa nakueleza wewe bure. Ruta haigawi namba kwa hati miliki, inakopesha kwa muda. Umeme ulipokatika, ruta yetu ilisahau nani alikuwa na ipi. Uliporudi, vifaa vikaamka kila kimoja kwa mwendo wake. Luninga mpya iliwahi kufika dirishani, ikapewa namba 5. Printa yetu ina tabia za kizee, ikiwashwa lazima ijinyooshe na kukohoa kwanza, ilipofika ikakuta namba 5 ina mwenyewe, ikapewa 9. Laptopu yangu nayo ikaendelea kupeleka fomu kwenye namba 5. Yaani dakika zile zote nilikuwa naiomba luninga ichape fomu ya mkopo! Dawa yake ilikuwa ndani ya ruta tangu siku ya kwanza: kuna sehemu ya kuitengea printa namba yake ya kudumu, ruta inaitambua kwa alama iliyotoka nayo kiwandani, na hata umeme ukatike mara mia haitampa mwingine. Kazi ya dakika tatu. Mimi Waziri sikuifanya.

Dogo alinimaliza kwa sentensi moja tu kabla hajarudi chumbani kwake. "Namba anagawa ruta, na paswedi ya ruta unayo wewe peke yako." Akafunga mlango taratibu, wala hakuubamiza. Bora angeubamiza.

Fomu ilisainiwa, muhuri ukagongwa, ikatumwa mapema kesho yake. Mdogo wangu alinirukia kwa furaha, mimi nacheka nusu. Kwa sababu asubuhi ile dogo alinipita uani bila salamu. Mwisho wa mwezi hakuleta mchango, akarudi kununua bando lake. Jumamosi laini ikawa na kasi ya ajabu, na wala hakuna aliyefurahi. Mama Mkubwa akaniita, akaniambia, "Mwanangu, ulimtukana mbele za watu. Sasa unataka kumwomba radhi wapi, chooni?"

Maneno yale yakaniingia. Nikaitisha bunge Jumapili jioni, watu wote koridoni, nikasimama nikasema mbele yao kuwa nilimsingizia, kosa lilikuwa langu, na kwamba ule mchango aliochelewesha mwezi ule nilikuwa naujua sababu yake na bado nikautumia kumchapia. Dogo akatazama chini kitambo. Akasema, "Yameisha, braza." Hayakuisha siku ile, nisikudanganye. Ilichukua wiki kadhaa mpaka akaanza tena kunigongea kunitania timu yangu ikifungwa. Lakini mchango alileta, na paswedi ya ruta sasa tunayo wawili, mimi na yeye, na imeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa, anayo Mama Mkubwa.

Kwa hiyo wewe uliye Kinondoni, Tabata, Mbagala au popote penye korido, ukitaka kufanya kama sisi, sikia haya. Ruta iwe mahali pa wote, isiwe chumbani kwa mtu. Printa itengewe namba ya kudumu siku ile ile ya kwanza. Ile paswedi ya kiwandani ya kuingilia ruta ibadilishwe kabla hata hujakunywa chai, na ulinzi wa waifai uwe WPA2 au WPA3, si pungufu. Wageni wafungulie mtandao wa wageni, wapate intaneti lakini wasiione printa wala laptopu zenu. Usiichukulie poa hiyo, maana nje nyumba nzima inaonekana ni anwani moja, na mkataba una jina la mtu mmoja. Mgeni wako akifanya upuuzi mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na wa kwanza kugongewa hodi ni mwenye jina. Mkataba wenyewe usome kwanza, uone kama kampuni inaruhusu kuchangia na kwa mipaka gani. Mkiweza, nunueni kabetri kadogo ka ruta, maana ruta hula umeme kidogo sana na LUKU ikikata nyie mnaendelea. Karatasi na wino wekeni daftari juu ya printa, kila mtu aandike kurasa alizochapa.

Halafu la mwisho, ambalo halimo kwenye kitabu cha maelezo cha ruta yoyote. Kitu kikigoma, tafuta kwanza kilichogoma, usitafute mtu. Waya unaweza kuukata na kuuunga kwa shilingi mia chache. Jirani ukimkata mbele za watu, hakuna fundi wa kumuunga isipokuwa wewe mwenyewe, na ni kwa kinywa kile kile ulichomkatia.

Mdogo wangu sasa yuko chuo. Kila akirudi likizo, mlango wa kwanza kugonga ni chumba cha nne, eti anaenda kumsalimia "kaka aliyenichapia fomu." Mimi niliyenunua printa nasalimiwa wa pili. Haki yangu!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.